Jicho Juu ya Mabati: Kutoka Unguja hadi Beni, Historia ya Ndege Ndogo Zinazotazama Mapaa

Familia iliyokimbia ikifika Butembo au Oicha, swali la kwanza huwa ni la watu: nani amebaki, nani ameonekana, nani hajulikani alipo. Siku chache zikipita, swali la pili hufuata, na hilo ni la nyumba. Watu hawaulizi kuhusu kuta. Wanauliza kuhusu mabati, au manjanja kama wengi wanavyosema. Bado yapo? Kila mtu anajua kwamba nyumba ya miti na udongo ikiezuliwa, mvua mbili tatu za nguvu zinatosha kuigeuza tope. Mwenye mabati bado ana nyumba. Mabati yakiisha kuondoka, kinachobaki ni kiwanja tu.

Jibu huja kwa simu ya jirani aliyethubutu kurudi shambani, au kwa dereva wa pikipiki aliyepita barabarani bila kusimama. Mara nyingi majibu hayo hayapatani. Ndiyo maana katika miaka hii baadhi ya watu wameanza kuuliza kama ndege ndogo zisizo na rubani, zile zinazoitwa droni, haziwezi kwenda kutazama mahali ambapo mtu hawezi kufika. Kuna sehemu za Afrika Mashariki ambako jambo hilo limekwisha kufanyika kwa kazi za kiraia. Historia yake inafaa kujulikana huku Kivu, kwa sababu huku jina la droni limeingia masikioni kwa mlango mwingine kabisa.

Tuanzie pwani, visiwani Zanzibar, ambako paa ni jambo la kufa na kupona kwa nyumba za kale. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba: mkoko hautoi mti mrefu, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Mapaa ya zamani yalikuwa bapa, yamesakafiwa kwa chokaa. Baadaye yalikuja mabati. Teknolojia hiyo ilizaliwa Uingereza, ambako mhandisi Henry Palmer alisajili ugunduzi wa bati lenye mikunjo mwaka 1829, na katika karne hiyo hiyo meli zilianza kulisambaza duniani kote. Wenye nyumba wengi wa Unguja waliinua paa la mabati juu ya sakafu ile ya zamani ili kuzuia mvua.

Kuna sababu ya kuogopa maji. Ukuta wa chokaa na matumbawe hufyonza maji polepole. Bati moja likitoboka kwa kutu, maji hushuka ndani ya ukuta, hufika kwenye ncha ya boriti iliyojificha ndani ya jiwe, na boriti huanza kuoza mahali ambapo hakuna anayeiona. Mpita njia katika vichochoro vya Mji Mkongwe haoni kitu. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, na ukiinua macho unaona kipande cha mbingu tu. Mwenye nyumba mwenyewe, hasa akiwa mzee au mpangaji, hapandi juu. Siku sakafu ya ghorofa ikianza kulegea, ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa.

Jengo maarufu kuliko yote mjini humo limeonyesha jambo hilo mbele ya dunia nzima. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, miaka 11 baada ya tufani kubwa ya Aprili 1872 iliyozamisha vyombo bandarini na kuangusha minazi na mikarafuu ya Unguja. Mwaka 2012 sehemu ya baraza na paa la jengo hilo ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, upande mzima wa mbele uliporomoka, na mafundi 2 wakapoteza maisha. Lilikuwa jengo la serikali, lenye walinzi, linalopigwa picha na watalii kila siku. Nyumba za kawaida zilizo nyuma yake hazina hata macho hayo.

Katika hali hiyo ndipo ulipokuja mradi wa kupiga picha visiwa vyote kutoka angani. Ulianza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana kama SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Lengo halikuwa mapaa peke yake. Serikali ilitaka ramani mpya ya Unguja na Pemba: barabara, mashamba, fukwe, makazi yanayoongezeka pembezoni mwa mji. Jumla ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Kwa kazi kama hiyo nchi nyingi hukodi ndege yenye rubani au hununua picha za satelaiti. Ndege yenye rubani ni ghali, na satelaiti juu ya visiwa vya kitropiki hukutana na mawingu karibu kila mara. Droni hupita chini ya mawingu.

Vyombo vilivyotumika, vya aina ya eBee kutoka Uswisi, vingewashangaza wengi huku waliozoea kusikia neno droni katika habari za vita. Ni ubawa wa povu jepesi, usiofika mita 1 kutoka ncha hadi ncha, wenye uzito chini ya kilo 1. Mtu huutupa kwa mkono kama mtoto anavyorusha ndege ya karatasi. Una betri inayodumu chini ya saa 1 na kamera inayotazama chini. Kompyuta hupanga njia mapema: chombo huenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayelima kwa jembe la ng'ombe, na kila picha hufunika sehemu ya picha iliyotangulia. Jioni picha hizo huunganishwa na kuwa moja kubwa. Zile za Zanzibar zilikuwa na uwezo wa kuonyesha kitu cha ukubwa wa kama sentimita 7. Kwa kipimo hicho bati lenye kutu hutofautiana na bati jipya, paa la makuti hutofautiana na la vigae, na mahali paa lilipobomoka panaonekana kama shimo jeusi. Msumari uliolegea hauonekani, na ni vizuri kulisema hilo, maana wauza droni hawalisemi.

Jambo lililo la maana zaidi ni nani aliyerusha. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kurusha, kukusanya na kuunganisha picha, badala ya kampuni ya mbali kuja, kupiga na kuondoka na data. Picha ziliwekwa wazi kwenye intaneti, mtu yeyote azione. Kule Dar es Salaam, kazi ya namna hiyo ilikuwa imeanza mwaka 2015 katika mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata walichora mitaa inayofurika, wakitembea kwa miguu kufuata mifereji, huku droni zikisaidia kutoka juu. Miguu na mabawa vilikwenda pamoja. Nyumba inayoonekana nzuri kutoka angani inaweza kuwa na alama ya maji hadi kifuani, na hilo anayelijua ni mwenye nyumba.

Mwaka 2018 picha za Zanzibar zilitumiwa katika shindano la kufundisha kompyuta kutambua majengo bila msaada wa mtu. Kompyuta ilitakiwa kugawa majengo katika mafungu 3: nyumba iliyokamilika, nyumba ambayo haijakamilika, na msingi tu. Sababu ya mgawo huo inaeleweka kwa kila mtu wa Afrika Mashariki. Watu hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, na paa siku pesa ya karafuu, ya kahawa au ya ndugu aliye ng'ambo itakapofika. Kutoka angani, tofauti kubwa kati ya fungu la kwanza na la pili ni paa. Kuta bila paa ni nyumba ambayo bado haijaisha.

Hapo ndipo mtu wa Beni anapaswa kusimama kidogo. Kuta bila paa, kwa Unguja, ni matumaini ya mtu anayejenga. Katika vijiji vya eneo la Beni, kuta bila paa zinaweza kuwa nyumba iliyochomwa moto, au iliyoezuliwa na wezi baada ya wenyewe kukimbia. Mashine iliyofundishwa pwani ingeandika neno lile lile juu ya zote: haijakamilika. Picha haijui kama nyumba inaelekea kuzaliwa au imekwisha kuuawa. Mtu wa kijiji ndiye anayejua, na akikosekana, hesabu ya mashine inaweza kugeuza hasara ya familia kuwa ujenzi unaoendelea.

Kwenye pwani hiyo hiyo ya Bahari ya Hindi, kusini zaidi, droni zilipimwa katika siku ngumu. Kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Mabati yaliruka kama majani makavu, na mitaa mizima ikabaki wazi chini ya mvua. Idara ya serikali ya Msumbiji inayoshughulikia maafa ilikuwa tayari na watu wake waliofundishwa kurusha droni, kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, PAM. Kwa hiyo hawakungoja wageni. Walirusha, wakaona mitaa iliyozingirwa na maji na nyumba zilizopoteza mapaa, na picha zikasaidia kupanga msaada uende wapi. Mafunzo yalitangulia maafa. Kama yangengoja maafa, droni zingekuwa bado ndani ya masanduku ya forodha.

Marekani, kwa upande mwingine, ilionyesha uso wa biashara. Baada ya kimbunga Harvey kupiga Texas mwezi Agosti 2017, makampuni ya bima yalituma droni kukagua mapaa ili kuharakisha malipo, na fundi hakulazimika kupanda ngazi juu ya nyumba iliyotikisika. Baadaye picha za angani zilianza kutumiwa pia kinyume: baadhi ya wenye nyumba waliambiwa bima yao haitaendelea kwa sababu paa limeonekana kuchakaa. Paa ni lao, lakini picha ilikuwa mikononi mwa mwingine. Huku Kivu bima ya nyumba si jambo la watu wengi, lakini swali la nani anashika picha linahusu kila mahali.

Kivu yenyewe ina nafasi yake katika historia hii, na si nafasi ndogo. Tarehe 3 Desemba 2013, pale uwanja wa ndege wa Goma, Hervé Ladsous, aliyekuwa mkuu wa shughuli za kulinda amani za Umoja wa Mataifa, alizindua droni za kwanza ambazo kikosi cha kulinda amani cha umoja huo kiliwahi kuwa nazo. Zilikuwa za aina ya Falco, kutoka Italia, zisizo na silaha, zenye mabawa ya zaidi ya mita 7. Ilikuwa mwezi mmoja tu tangu M23 kushindwa mara ya kwanza kule Rutshuru. Ahadi ilikuwa kuona makundi yenye silaha yanapotembea, na silaha zinapovuka mpaka.

Mwezi Mei 2014 droni mojawapo ilionyesha faida ambayo haikuwa katika ahadi hiyo. Ikipita juu ya Ziwa Kivu, iliona mashua inayozama, watu wakiwa majini, na boti za MONUSCO zikaenda kuokoa baadhi yao. Watu wengi huku hawakumbuki habari hiyo. Wanachokumbuka ni kilichofuata Oktoba mwaka huo huo, mauaji yalipoanza kuzunguka mji wa Beni: Ngadi, Eringeti, na vijiji ambavyo orodha yake imeendelea kurefuka. Swali likasikika sokoni na kanisani: kama jicho lipo juu, mbona halioni? Sehemu ya jibu ni msitu. Kamera inayotazama kutoka juu huona majani ya miti, na wanaotembea chini ya majani hayo, usiku, kwa vikundi vidogo, hawaachi alama kubwa. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba kuona si kufika. Lakini mtu aliyezika ndugu hatosheki na maelezo ya namna hiyo, na hasira ya Novemba 2019, wakati waandamanaji walipochoma ofisi ya meya wa Beni na kuvamia kambi ya MONUSCO, ilikuwa na swali hilo ndani yake.

Tangu hapo mlio wa angani umebadilika tena. Jeshi la Kongo lilinunua droni za vita za aina ya CH-4 kutoka Uchina. Mwezi Februari 2024 bomu lililotupwa na droni lilianguka kwenye uwanja wa ndege wa Goma na kuharibu ndege za raia. Jeshi likasema droni hiyo ilitoka Rwanda. Watoto waliokulia katika miaka hii hawarukiruki kwa furaha wakisikia mvumo wa mashine ndogo juu ya mti wa avoka. Wanatazama mama zao kwanza.

Kwa hiyo mtu akitaka kesho kuleta droni ya povu ili kuhesabu mapaa ya vijiji vilivyoachwa, hataanzia sifuri kama Unguja. Ataanza chini ya sifuri. Katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, kurusha chombo bila ruhusa ya wakuu wa usalama ni kujitafutia kukamatwa, na pengine kupigwa risasi. Hata mwenye ruhusa atalazimika kwenda mtaa kwa mtaa, kwa machifu, kwa wachungaji na maimamu, na kwenye redio, kueleza siku, saa na rangi ya chombo. Bila hayo, familia chache zilizothubutu kurudi zitakimbia tena.

Na picha zikipatikana, zisiwekwe wazi kama za Zanzibar. Kule uwazi ulikuwa jambo jema, maana mkulima, mwanafunzi na mchora mipango wote waliweza kutumia ramani moja. Huku, picha inayoonyesha nyumba zipi bado zina mabati mazuri na hazina moshi jikoni ni orodha ya kazi kwa wezi. Inayoonyesha njia mpya zilizokanyagwa kwenda mashambani ni hatari kuliko hiyo. Data ya namna hii inatakiwa kukaa kwa watu wachache wanaojulikana, na familia ionyeshwe nyumba yake, si ya kila mtu.

Yapo bado mambo ambayo paa halisemi. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Mwananchi hupata haki ya kuitumia, na hati kamili ni cheti cha usajili. Vijijini wachache wana cheti hicho. Wengi wana karatasi ya chifu, ushahidi wa majirani, mti wa mpaka uliopandwa na babu. Picha ya paa haitaji jina la mwenyewe. Hata hivyo ina kitu kimoja ambacho ushahidi wa mdomo hukosa: tarehe. Ikionyesha kwamba mwezi fulani nyumba ilisimama na mwaka uliofuata haipo, ni vigumu mtu kuja baadaye kusema kiwanja kilikuwa kichaka siku zote. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, picha za satelaiti za kabla na baada zilionyesha mapaa yaliyofunikwa na lava kaskazini mwa Goma. Lakini majina ya waliokuwa wakiishi chini ya mapaa hayo hayakutoka angani. Watu walilazimika kuyasema na kuyaandika, mtaa kwa mtaa.

Mjini Butembo, fundi wa kenchi bado hukagua paa kama zamani. Huingia ndani mchana, hufunga mlango na dirisha, husimama gizani na kutafuta vitundu vya mwanga. Kisha hupanda na kugonga mbao kwa nyundo, akisikiliza ipi inalia vizuri na ipi imeoza. Hakuna droni inayoweza kugonga mbao. Kwa nyumba ambayo fundi anaweza kuifikia, gharama ya droni ni pesa ya kutupa.

Wanaoihitaji ni wale wenye nyumba ambako fundi hafiki: Mbau, Mayi-Moya, vijiji vya upande wa Manguredjipa. Kwa sasa, wengi wao wana silaha moja tu, nayo ni simu. Ndani ya simu nyingi za waliokimbia kuna picha ya zamani ya harusi, ya ubatizo, ya mtoto amesimama uani, na nyuma yake ukingo wa paa unaonekana. Walioipiga hawakuwa wakifikiria mabati. Picha ya namna hiyo, pamoja na tarehe yake na majina ya majirani 2 au 3 waliokuwepo, inafaa kunakiliwa kwenye simu ya ndugu aliye mahali pengine, kabla simu hiyo moja haijapotea njiani.